Alhamisi Niliyofungua Mlango wa Uani

Huku Iguguno mafuta ya nazi huanza kuganda upepo wa kipupwe ukishaingia. Asubuhi unaikuta chupa nyeupe tupu, hata uipindue kichwa chini hakitoki kitu, na mke wangu huianika juu ya ukuta ishike jua kabla ya kumpaka binti yetu nywele. Juzi nilitoka karakana kufuata chai. Mimi ni fundi wa mashine za kukamua alizeti, na pua yangu imezoea mashudu kiasi kwamba harufu nyingine huniponyoka. Lakini nilipopita nyuma yao pale mkekani, yale mafuta yakiwa yameyeyuka nusu, harufu ikanishika nikasimama. Mke wangu akaniuliza, "Vipi, umesahau kitu?" Nikamwambia nimesahau spana. Ulikuwa uongo. Sijasahau kitu hata kimoja, na hiyo ndiyo shida yangu.

Harufu ile ni ya Mama. Nikisema Mama nina maana ya yule wa Mandewa, mjini Singida, aliyenilea. Aliyenizaa alifariki Kinampanda nikiwa na miaka mitatu, na ninachokumbuka kwake ni kikohozi tu. Baba yangu mzazi alikuwa akileta alizeti mjini kumuuzia mfanyabiashara mmoja mwenye duka na ghala. Baada ya msiba akanileta pamoja na magunia, akamwomba yule bwana na mkewe wakae nami mpaka mavuno yanayofuata, yeye akaenda migodini kutafuta maisha. Mavuno yalikuja, yakaja mengine, baba hakuja. Watu wa ustawi wa jamii wakaleta karatasi, bibi yangu wa Kinampanda akaweka dole gumba, na mimi nikaasiliwa kihalali na watu wawili ambao hawakuwahi kupata mtoto. Kinampanda nilikuwa Yosefu. Mandewa nikawa Yusufu, jambo ambalo Mama alisema ni ishara, maana hata jina halikuhitaji kubadilishwa. Jina la ukoo waliniachia la baba yangu, Msengi, kwa sababu dini yao inataka mtoto wa kulea aitwe kwa baba yake. Nilipokuwa mdogo niliona ni sawa tu, kila mtu si ana jina lake.

Mama alikuwa na damu ya Kimanga, ya Waarabu wa Omani, kwa baba yake na ya Kirangi kwa mama yake. Baba, yule mwenye duka, alikuwa mtu wa Tanga aliyefuata biashara bara akanasa. Wote wawili walikuwa maji ya kunde, na mimi ni mweusi wa Kinyiramba, mweusi hasa. Tukitembea sokoni watu walituangalia mara mbili. Wapo waliodhani nimeajiriwa kubeba kikapu. Siku moja mama mmoja muuza vitunguu akamuuliza wazi, "Huyu mmemtoa wapi?" Mama akamjibu bila kusimama, "Kwa Mungu. Nyie wenu mnawatoa wapi?" Nilicheka njia nzima. Nilimwona Mama yangu ni mtu asiyeshindwa na mtu, na sikuona kabisa kwamba mkono wake ulikuwa umeubana wangu mpaka vidole vikafa ganzi.

Nywele zake zilifika kiunoni. Wanaume wa Mandewa hawakulijua hilo. Walijua ushungi tu. Tulilijua sisi wa ndani, na kati ya wote mimi ndiye niliyezijua zaidi, kwa sababu kila siku baada ya alasiri, Mama akishasali, alikaa kwenye mkeka kibarazani kwa uani, mimi nikakaa kigodani nyuma yake na kitana cha mbao, nikamkuna mba. Kazi hiyo nilianza kabla ya kwenda shule. Nilijua mahali anapopenda, nyuma ya sikio la kushoto, na nilijua mvi zake zote tano. Akipata raha aliimba nyimbo za harusi kwa sauti ya chini. Harusi yoyote ya Kiislamu pale mjini, Mama ndiye aliyekuwa akiongoza waimbaji wanawake. Walimtumia ujumbe hata kabla ya kutafuta mpishi. Mimi nilikuwa nikizisikia nyimbo kabla ya bibi harusi mwenyewe. Kama kuna wakati katika maisha yangu sikujiuliza mimi ni wa nani, ni ule, na mikono yangu ilikuwa imejaa mafuta ya nazi.

Nilikuwa natimiza miaka kumi na miwili, sauti imeanza kunichezea, alipokuja mgeni. Alikuwa ustadhi wa mji mwingine, mtu mpole aliyefikia kwetu siku mbili. Siku ya kwanza alipotoka msikitini na Baba, wakapitia uani kunawa, Mama akawahi kujifunika, lakini mgeni alishaona mimi nimeketi nyuma yake na kitana mkononi. Hakusema kitu pale. Baada ya chakula nikamsikia akiuliza kule sebuleni, "Kijana ni wa kuzaa?"

"Tumemlea," Baba akasema.

"Alinyonya kwa mama yake huyu? Au kwa dada wa mama?"

"Alikuja anakula ugali."

Mgeni akaanza kuzungumza kwa sauti ya chini na ya heshima, nami nikaenda zangu, kwa sababu sikuona kwamba ugali niliokula nikiwa na miaka mitatu unaweza kuwa na madhara.

Kesho yake baada ya alasiri nilichukua kitana na kigoda. Mama alikuwa kwenye mkeka, na ushungi kichwani. Nikasubiri auvue. Akaniambia bila kunitazama, "Leo acha, baba. Kichwa hakiniwashi." Siku iliyofuata pia hakikumwasha. Wiki ile ile kitanda changu kikahamishwa kutoka chumba cha ndani kwenda chumba cha nje, kando ya ghala. Baba alisema sasa mimi ni mkubwa. Na tangu siku hiyo sikuuona tena unywele wa Mama. Hata alfajiri akiniamsha alisimama mlangoni amejitanda.

Kwa akili yangu nilipata sababu, na sababu ilikuwa mapunye. Mwaka uliotangulia nilitoka mapunye kichwani, nikanyolewa na kupakwa dawa ya zambarau, watoto wakanicheka. Nikaamini yule mgeni, kwa macho yake ya kisomi, alikuwa amegundua kwamba hayajaisha na nitamwambukiza Mama, nywele zile zote zianguke. Nikaanza kuoga mara tatu kwa siku kwa sabuni ya mche. Kwa baridi na upepo wa Singida ngozi ilipauka, ikapasuka kwenye viwiko, na bado nikasugua. Kila nilipomaliza nilipita mbele ya Mama polepole, ili aone. Aliniambia tu nijipake mafuta. Alinipa chupa nijipake mwenyewe.

Aliyenifumbua macho ni Rukia, binti wa mdogo wake Baba, aliyekuja likizo. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na alijua kila kitu. Tulikuwa tunachambua maharage uani, nikamuuliza kama mapunye yanaweza kukaa ndani ya kichwa bila kuonekana. Akacheka hadi akashika mbavu.

"Mapunye! Kwani hujui? Wewe si maharimu wake."

"Maana yake nini?"

"Maana yake hukunyonya kwake, hujatoka tumboni kwake, kwa hiyo kwake wewe ni mwanamume tu. Kama wale makuli wa Baba Mkubwa. Hawezi kukufunulia kichwa." Akaokota jiwe kwenye maharage, akalitupa. "Kisheria, Baba Mkubwa akifa, hata kumuoa unaweza."

Niliupiga teke ungo. Rukia akapiga kelele, maharage yakaenda mpaka kwenye mtaro, na tukachapwa wote wawili. Fimbo sikuisikia. Nilikuwa nasikia maneno ya Rukia tu. Mtu amekuogesha, amekupuliza uji, amekubana mkono sokoni watu wasikuchukue, halafu unaambiwa unaweza kumuoa. Leo, nikiwa na nywele zangu za kijivu, nawaelewa wote: Baba alikuwa mtu wa kanuni na alizifuata hata zilipomuumiza, na yule mgeni alisema tu anachokijua. Hata Mama namwelewa, kwa sababu sasa najua kwamba zile alasiri alizokaa na ushungi kichwani alikuwa akijikuna mwenyewe kwa sindano ya kufumia, juu ya kitambaa. Nilimwona, na sikufikiri kitu. Mtoto mwenye uchungu haoni uchungu wa mwenzake.

Kulikuwa na jambo moja tu lililobaki letu sisi wawili, nalo ndilo nililolitumia. Kila Alhamisi mchana Mama aliosha nywele uani, maana bafuni palikuwa na giza na baridi, na kwa uani aliweza kuzianika juani. Uani palikuwa na mlango wa mbao unaotokea kichochoroni. Zamani nilikaa ndani naye, nikimmiminia maji. Baada ya mambo kubadilika akanipa kazi nyingine: nikae nje, kichochoroni, juu ya jiwe, nisiruhusu mtu. Aliniambia, "Wewe ukiwa hapo mimi nina amani." Alifunga komeo kwa ndani, lakini komeo lenyewe lilikuwa na tundu pembeni, na aliyelijua aliweza kuingiza kidole akalisukuma kutoka nje. Tuliolijua tulikuwa watatu tu nyumbani.

Ilikuwa msimu wa alizeti. Alhamisi ile lori liliegeshwa vibaya mbele ya duka, njia ya ghala ikaziba, na makuli wanne wakazunguka na magunia mgongoni hadi kichochoroni wakitafuta pa kupitia. Walinikuta juu ya jiwe langu. Ndani nilisikia maji yakimwagika kwenye beseni na Mama akiimba kwa mbali, ule wimbo wa kumtoa bibi harusi ndani. Aliyetangulia, mmoja mrefu, akaniuliza kwa heshima kabisa, "Kijana, huku panapitika? Au kuna wenyewe?"

Ningeweza kusema kuna wenyewe. Maneno mawili tu, na wangegeuka, maana hawakuwa watu wabaya. Nikafikiria maneno ya Rukia, kwamba mimi na hawa ni sawa. Nikajiambia, basi kama ni sawa na tuwe sawa. Nikasimama, nikaingiza kidole kwenye tundu, nikasukuma komeo, nikasema, "Mama amesema piteni."

Nilibaki pale nje, nimejificha nyuma ya ubao wa mlango, nikaona yote. Mama alikuwa ameinama juu ya beseni, mgongo umetuelekea, nywele zimemwagika mbele zikitiririka maji. Aliposikia hatua akadhani ni Baba, akainuka taratibu. Kisha akawaona. Ushungi wake ulikuwa kwenye kamba ng'ambo ya uani. Wa kwanza akasema astaghafirullahi akageuza uso ukutani, wa pili akagongana naye, gunia likaanguka likapasuka, alizeti zikatawanyika hadi miguuni kwa Mama. Wa mwisho alicheka. Nilimsikia vizuri, kicheko kifupi. Na Mama, badala ya kukimbilia ndani, akasimama pale pale, kichwa wazi, macho yanazunguka uani, akaita kwa sauti kubwa ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Yusufu! Yusufu!" Aliita mara tatu, nne, na wale wanaume wanne wanamwona. Ndipo akaokota gunia tupu lililokuwa karibu na mlango wa ghala, akajifunika kichwa, akakimbia ndani hivyo, na vumbi la alizeti likamshuka mabegani.

Nilikimbia. Nilijua ananiita kwa sababu amejua. Sauti ile niliisikia kama ya hakimu, na nikaenda nayo hadi kwenye mawe ya ziwani, kule Singidani, nikajibanza kwenye upepo mpaka jua likazama. Sikulia. Nilikuwa nikingoja nijisikie nimelipa kisasi, na sikujisikia kitu, isipokuwa baridi.

Nilirudi watu wakitoka msikitini baada ya magharibi. Baba alikuwa amesimama kibarazani, amenyooka, na Mama amekaa, amejitanda hadi kidevuni. Baba hakunitazama mimi, alimtazama yeye. "Nakuuliza tena. Nani alifungua mlango?"

"Mimi," Mama akasema. "Nilisahau komeo."

"Na huyu alikuwa wapi?"

"Nilimtuma sabuni."

Baba alikaa siku tisa bila kugusa chakula alichopika Mama. Mimi usiku ule ule nilipewa nyama nyingi kuliko ya Baba. Kabla sijala Mama aliniita karibu na taa, akanishika mikono kupitia kwenye kitambaa cha mtandio wake, akaigeuza, akaangalia viganja, akapandisha mikono ya shati akaangalia viwiko. Akaniuliza, "Hujambo, baba? Hakuna panapouma?" Nikasema hakuna. Nilidhani anatafuta ishara ya kosa, labda alama ya komeo kwenye kidole. Nikaficha kile kidole.

Mambo yangeishia hapo kama yule aliyecheka asingekuwa na mke. Mwezi mmoja baadaye kulikuwa na harusi mtaa wa pili, Mama akaenda kuongoza waimbaji kama kawaida yake. Mke wa yule kuli alikuwa miongoni mwa waitikiaji. Katikati ya wimbo, zamu yake ilipofika, akapachika ubeti wake mwenyewe, kuhusu nywele zinazoanikwa juani pamoja na alizeti, mnunuzi achague. Wanawake wakapiga vigelegele, wengine bila hata kuelewa. Rukia alikuwepo, ndiye aliyenisimulia. Alisema mmoja akaongeza kwa sauti ya kusikika kwamba asiyezaa hana wa kumlinda. Mama alimaliza wimbo, akaaga vizuri, akatoka kabla ya pilau. Hakuongoza waimbaji tena. Walimtumia ujumbe mwaka ule na uliofuata, akasema kifua kinambana, mwishowe wakaacha kumtumia. Na nyumbani pia akanyamaza. Nilikuwa nalala chumba cha nje nikisikiliza kama ataimba akifua au akikoroga uji, na sikusikia.

Kinachonikera zaidi ni kwamba nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikaa naye mwaka mzima baada ya hapo, akinitazama kwa macho ya huruma ambayo niliyachukia, akiniambia nisikae kichochoroni, nikae ndani. Niliamini anajua na ananihifadhi, na kuhifadhiwa na mtu uliyemkosea ni kazi ngumu kuliko kupigwa. Nikawa mkorofi. Nilijibu kwa mkato, nilikataa kwenda madrasa, na siku moja nikamwambia Baba nataka kwenda kwa bibi yangu, kwa ndugu zangu wa damu. Nililitamka lile neno damu huku namtazama Mama. Alinifungia nguo kwenye kanga mbili, akanisindikiza stendi, akaninunulia mkate wa njiani.

Wanaosema damu ni nzito kuliko maji sijui kama waliwahi kupelekwa kwa damu yao wakiwa hawaijui lugha yake. Kinampanda bibi yangu alilia kwa furaha, kisha akanisemesha Kinyiramba nikamkodolea macho. Wajomba walinipenda, lakini waliniita Mswahili. Nilikula kwa adabu mno, niliamka alfajiri bila sababu, nilishtuka kila waliponiita Yosefu. Jumapili nilikwenda kanisani na bibi na mikono yangu haikujua iwekwe wapi. Baadaye nikazoea. Nikajifunza kulima, nikajifunza ufundi, nikaoa kanisani, nikawa Mnyiramba wa kawaida anayesalimia wakubwa kwa lugha yao. Lakini mtu akiniuliza kwetu ni wapi, bado huwa natazama kwanza nani anauliza.

Kila Idd naenda Mandewa. Baba alifariki miaka mingi iliyopita, nikasimama nyuma kabisa makaburini kama mfanyakazi wake wa zamani. Mama yupo. Rukia, ambaye sasa ana watoto wanne, anaishi naye. Naenda na dumu la mafuta ya alizeti ninayokamua mwenyewe, naamkia, naitikiwa, nakula pilau, naulizwa habari za watoto, naondoka. Amejitanda kila mara, nami nakaa kiti cha wageni. Mke wangu huniuliza kwa nini nikirudi kutoka kule huwa sisemi na mtu siku mbili, namwambia ni uchovu wa njia. Kutoka Singida hadi Iguguno ni njia fupi tu, naye anajua.

Baada ya ile harufu ya juzi sikungoja Idd. Nilivaa shati safi nikaondoka. Nilimkuta Mama amekaa mkekani sebuleni, ungo mapajani, anachambua mchele. Macho yake siku hizi yana ukungu, kwa hiyo anatafuta mawe kwa ncha za vidole. Nikamwamkia, akaitikia, akashangaa.

"Kuna msiba?"

"Hakuna, Mama. Kuna jambo nataka kusema."

"Sema, baba."

Nilikaa chini, sikukaa kitini. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, na yote yakanitoka. Nikasema, "Ile Alhamisi ya makuli."

Vidole vyake vikasimama. Tangu ule ubeti wa harusini hakuna aliyewahi kuitaja mbele yake.

"Hukusahau komeo," nikasema. "Ni mimi."

"Najua sikusahau komeo," Mama akasema polepole. "Nilisema vile ili baba yako asikupige, kwa kuwa uliachiwa mlango ukashindwa. Ungewezaje, mtoto mmoja na wanaume wanne? Najua walikulazimisha."

Sikuelewa. "Walinilazimisha?"

"Walikupindua mkono ukafungua. Nilipowaona tu nilijua, kwa maana wewe usingempitisha mtu. Nikakutafuta kwa macho sikuoni. Nikakuita huitiki. Nikasema, wamemuua mwanangu pale nje." Alikuwa akizungumza na mchele. "Jioni nikakutazama mikono sikuona kitu, lakini ulikuwa umebadilika. Ulinikasirikia. Nikajua wamekufanya kitu usichoweza kukisema, na mwenye makosa ni mimi, nimemweka mtoto mdogo alinde mlango wa watu wazima kwa sababu ya nywele zangu. Ulipoondoka kwenda Kinampanda nikasema ana haki. Kila sala nimekuwa nikimwomba Mungu anisamehe kwa ajili yako, Yusufu."

Jikoni Rukia alikuwa akipasha mafuta, nikasikia kitunguu kikiingia. Nilifikiri kunyamaza. Nasema kweli, nilifikiri nimwachie hivyo hivyo, maana yule mtoto aliyekuwa naye moyoni miaka yote alikuwa bora kuliko mimi. Kisha nikafikiria zile sala zote.

"Hawakunigusa, Mama. Waliuliza tu kama panapitika. Nilifungua mwenyewe kwa kidole, nikawaambia umesema wapite. Rukia aliniambia mimi kwako ni kama wao, nikakasirika. Nilitaka wakuone."

Akauweka ungo chini. Nikainamisha kichwa. Nilitaka anitukane, nilitaka aniambie nitoke nyumbani kwake, neno lolote ambalo ningerudi nalo Iguguno nikiwa nimelistahili.

"Kwa hiyo hawakukuumiza," akasema.

"Hapana, Mama."

"Hata kidogo? Usinifiche sasa, mimi ni mtu mzima."

"Hata kidogo."

Akafunga macho. "Alhamdulillahi," akasema. "Alhamdulillahi, mwanangu."